Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wetu: jalada langu liko wapi?

Ndugu Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri,

Salaam. Nakuandikia hadharani kwa sababu barua zangu nne za kuulizia daraja langu na jalada langu la utumishi, zote zimepitia kwa mwalimu mkuu kama utaratibu unavyotaka, hazijajibiwa hata moja.

Jumanne iliyopita mwalimu mwenzangu alipokea barua ya kupandishwa daraja la mshahara. Nilimfundisha hesabu akiwa darasa la nne. Yeye ameajiriwa 2014, mimi niko kazini tangu 1992. Aliponiona naingia ofisini aliikunja haraka akaificha ndani ya andalio la somo. Nikamwambia, "Mwanangu, itoe niione, nami nifurahi." Na nilifurahi kweli, kwa kuwa anastahili. Lakini usiku ule sikulala, Mkurugenzi. Amenifikia daraja, na kilichoniuma zaidi ni kwamba alinionea huruma.

Wewe hukuwepo wakati ule, basi nikueleze. Mwaka 2016 nilikuwa na barua yangu mkononi, nimeshaisaini. Ukaja uhakiki wa watumishi na vyeti, madaraja yakasimamishwa nchi nzima, barua zetu zikarudishwa. Sikunung'unika, waliofoji vyeti walipaswa kuondoka, na changu kilikaguliwa kikaonekana safi. Zamu yangu ilipofika tena 2021 nilidhani nitahesabiwa kuanzia pale nilipoachwa. Nikapewa lile lile la 2016, kana kwamba miaka yote ile sikushika chaki. Baadaye tukasikia habari za mserereko, yaani kupandishwa ili kufidia miaka iliyopotea, kwa tuliobaki nyuma. Majina yakabandikwa, langu halimo.

Afisa utumishi ananiambia mchakato unaendelea. Masjala wanasema jalada halionekani. Nahisi lilipotea nilipohamishwa shule. Au labda ni huu mfumo wa PEPMIS, wa kupima utendaji wa watumishi kwa mtandao, maana kwetu mtandao haushiki, naujazia kilimani kwa simu ya kuazima. Nimekuja ofisini kwako mara tisa, kila safari nauli shilingi elfu kumi na sita kwenda na kurudi. Mara tisa, Mkurugenzi, na wanafunzi wangu wanabaki bila mwalimu.

Juni 2027 natimiza miaka 60. Pensheni yetu hukokotolewa kwa wastani wa mishahara ya miaka mitatu iliyo bora kati ya kumi ya mwisho. Miaka yangu ya kunenepesha hesabu hiyo ndiyo hii inayopita nikiwa nasubiri. Mnachonicheleweshea leo kitanifuata mpaka naingia kaburini.

Februari, kwenye kikao cha kata, ulisimama mbele yetu ukasema kabla ya Juni hakuna mwalimu wa halmashauri hii atakayekuwa bado anadai daraja lake. Nilipiga makofi. Maneno yako niliyaandika kwenye daftari, na tarehe yake ipo. Juni imepita.

Nilianza barua hii nikitaka kudai na malimbikizo ya mshahara, na fedha za uhamisho ambazo sijalipwa. Hayo nayaweka kando. Naomba jibu moja tu la maandishi, lenye sahihi yako na mhuri: jalada langu liko wapi? Kama limepotea, niambieni limepotea. Nina nakala ya kila barua niliyopewa tangu 1992, ziko kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, nitazileta hata kesho asubuhi.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mwalimu wa shule ya msingi, mwajiriwa wa 1992