Kabla Hujanunua Skrini, Lala Chini ya Boti

Swahiba wangu,

Salamu nyingi kwako na kwa wote wa nyumbani. Barua yako nimeisoma mara mbili, na hongera sana kwa kupata boti. Mita saba za faibaglasi na mashine moja nyuma ni chombo cha heshima. Umeniuliza kama uchukue skrini ya inchi 9 au ya inchi 12, ya kuonyesha ramani na kina cha maji. Nitakujibu, ila niruhusu nianze kwingine, maana kilichonikosesha raha katika orodha yako ni transdyusa, kile kifaa cha chini ya boti kinachopima kina kwa sauti. Skrini umeiandikia nusu ukurasa. Transdyusa umeipa maneno matatu: "inayokuja na skrini".

Transdyusa ndiyo inayozungumza na maji. Ndani yake mna kipande cha kauri kinachotikisika kikipitishiwa umeme. Kinatuma mlio kwenda chini, kisha kinasikiliza mwangwi ukirudi. Sauti husafiri majini kwa kasi ya karibu mita 1,500 kwa sekunde, kwa hiyo penye kina cha mita 30 safari ya kwenda na kurudi ni sekunde 0.04 tu. Skrini huchora kile ilicholetewa na sikio hilo, wala haiongezi kitu. Mwangwi ukimezwa na mapovu chini ya boti, hakuna kitufe cha kuurudisha.

Kwa hiyo kwanza amua unataka kuona nini. Masafa ya mlio (wingi wa mitikisiko yake kwa sekunde) ya kilohezi 200 hutoa mwali mwembamba wa sauti na picha yenye maelezo, na yanafaa sana maji mafupi. Kilohezi 50 hufika mbali zaidi chini, lakini mwali wake ni mpana. Fikiria kina kilekile cha mita 30: mwali wa nyuzi 12 unamulika duara la kama mita 6, na wa nyuzi 45 unamulika duara la kama mita 25. Ndani ya duara hilo kubwa, mwamba uliosimama na sakafu iliyouzunguka vinachanganyika, na namba unayosomewa inaweza kuwa ya kilele kilicho pembeni yako wala si ya pale ulipo. Wewe umeniambia utatembea karibu na miamba, kwenye kina kisichozidi mita 60. Basi usilipie uwezo wa kusoma mita 600. Tafuta transdyusa ya masafa ya juu, na kama mfuko unaruhusu, iwe ya Chirp, ile inayopita kwenye masafa mengi mfululizo katika kila mlio badala ya kung'ang'ania moja. Inatenganisha vizuri samaki walio karibu na sakafu. Uhakikishe tu kwamba skrini nayo inaielewa, maana plagi kuingia haina maana kwamba vitasikilizana.

Sasa mahali pa kuifunga, na hapa naomba usome polepole.

Boti yako ikishika kasi, sehemu ya mbele inatoka majini kabisa. Transdyusa lazima ikae nyuma, kwenye theluthi ya mwisho, karibu na mkuku (uti wa chini wa boti), mahali ambapo maji hayaachi kugusa faiba. Lala chini ya boti ikiwa kwenye trela, utazame kutoka omo hadi tezi. Kila ukingo, kila tundu la kunyonyea maji, kila skrubu iliyochomoza huzaa mkia wa mapovu nyuma yake. Fuata mikia hiyo kwa macho, kisha chagua mstari ambao hauna kitu mbele yake. Angalia pia roda za trela zinapita wapi, zisije zikaisaga siku ya kupandisha boti. Kwa mashine moja ambayo propela yake inazunguka kwa kufuata saa ukiitazama kutoka nyuma, upande wa kulia ndio mzuri, kwa kuwa huko panga zake zinashuka na maji yanatulia zaidi. Na uiache propela kwa umbali wa sentimita 38 au zaidi.

Njia za kufunga ni tatu. Ya kwanza ni kuibana kwenye ubao wa nyuma kwa bamba. Ni rahisi na unaweza kuirekebisha, na kwa boti yako mimi ningeanzia hapo. Uso wake ushuke kidogo chini ya faiba, kama milimita 3 hivi, kisha ujaribu na usogeze kidogo kidogo. Ya pili ni kuigandisha ndani ya ngama, sakafu ya ndani kabisa ya boti, ili ipige mlio kupitia faiba yenyewe. Hakuna tundu, hakuna kitu cha kukwama nje. Lakini inapoteza sehemu ya nguvu, haiwezi kupima joto la maji, na inataka faiba tupu, isiyo na kitu kingine katikati. Pakiwa na povu au mbao nyepesi katikati ya tabaka mbili za faiba, mlio unafia humo. Kuna jaribio zuri la kufanya boti ikiwa majini: tia transdyusa kwenye mfuko wa nailoni wenye maji, uikandamize mahali unapopafikiria, usome kina. Kisha iteremshe ubavuni mwa boti usome tena. Namba na picha zikikaribiana, umepata mahali.

Ya tatu ni kutoboa. Hii ndiyo inayotoa picha bora boti ikiwa kwenye kasi, kwa sababu uso wa transdyusa unagusa maji moja kwa moja. Ukiichagua, pima kwanza mteremko wa chini ya boti. Ziko zilizotengenezwa na kauri iliyolazwa nyuzi 12 au 20 ili mwali uelekee chini wima hata faiba ikiwa imeinama. Ukifunga ya nyuzi 0 kwenye mteremko mkali, mwali utakwenda ubavuni. Na tundu likipita kwenye faiba yenye povu katikati, lazima ukwangue povu kuzunguka tundu na kujaza epoksi, la sivyo maji yataingia kati ya tabaka na kuozesha boti kimyakimya. Faiba inapokea transdyusa ya shaba nyeusi na ya plastiki pia. (Rafiki yako mwenye boti ya alumini umwambie asiguse shaba nyeusi, itakula alumini yake.) Ukipaka rangi ya kuzuia uoto, iwe ya msingi wa maji, kwa maana zenye asetoni hula plastiki.

Waya wa transdyusa usiukate kuufupisha. Ziada ikunje mahali pakavu, na uupitishe mbali na nyaya za mashine na za redio.

Umeme sina mengi ya kusema, ila haya yana uzito. Skrini, redio na vifaa vingine viwe na betri yao, mbali na ile ya kuwashia mashine, maana volti zikishuka wakati wa kuwasha, skrini inazima na kuanza upya, na huenda ikawa wakati unaoihitaji kuliko wote. Fyuzi ikae karibu na betri. Waya uwe wa shaba iliyopakwa bati. Ukiunganisha vifaa hivyo kwa mtandao wa NMEA 2000 (utaratibu wa vifaa vya boti kupeana taarifa kwa waya), weka vizuizi viwili vya umeme, kimoja kila ncha ya uti wa mgongo, yaani waya mkuu, na tawi lolote lisizidi mita 6. Kisha zima umeme na upime kwa multimita (kipimio cha umeme) kati ya nyaya mbili za data: usome omu 60. Ukiona 120, kizuizi kimoja hakipo au hakijashika.

Redio ya VHF, ile ya mawasiliano ya baharini, nakuomba usiichukulie kama nyongeza. Ipatie namba yake ya utambulisho, MMSI, yenye tarakimu 9 kutoka kwa mamlaka inayohusika, na uiunganishe na GPS. Hapo kitufe chekundu kikibonyezwa, wito wa dharura unaondoka kwenye chaneli 70 ukiwa na mahali ulipo, hata kama aliyebonyeza ni mtoto asiyejua kusoma ramani. Kitufe hicho bila GPS kinaita, lakini hakisemi uko wapi.

Kihisio cha dira kiweke mbali na spika na vyuma. Antena ya GPS ione anga yote.

Haya, skrini. Kama dashibodi inapokea inchi 12 bila kuziba njia ya macho yako kwenda mbele, ichukue, kwa sababu utaigawa ikuonyeshe ramani na sonari (picha ya transdyusa) pamoja. Ikiziba, chukua 9. Itazame juani kabla ya kulipa, ukiwa umevaa miwani yako ya jua, maana baadhi ya skrini hugeuka nyeusi zikitazamwa kwa miwani ya aina hiyo. Na usiikuze ramani ya kielektroniki kupita kiasi: mstari unaonekana mkali, lakini upimaji uliouzaa unaweza kuwa wa zamani na wa jumla.

Vyote vikishafungwa, simamisha boti kwenye maji tulivu, tia bildi (kamba yenye uzito ya kupimia kina), ulinganishe na skrini. Transdyusa inapima kuanzia usoni pake, kwa hiyo amua: unataka namba ya kina kutoka juu ya maji, au ya nafasi iliyobaki chini ya propela? Mimi napendelea ya pili. Weka tofauti hiyo kwenye mipangilio, kisha uandike kwenye kibandiko karibu na usukani, ili yeyote atakayeshika chombo ajue namba ile inamaanisha nini.

Nitumie picha za chini ya boti, kutoka nyuma na kutoka ubavuni, na uniandikie kama faiba ni tupu au ina povu. Usitoboe kitu mpaka nikujibu.

Wako akupendaye,
Swahiba wako