Neno la kesho: "fine"

Habari za jioni, ndugu zangu. Kesho tunaanza na neno la Kiingereza "fine", hasa kwa ajili yenu mnaohudumia wageni mezani. Ukimuuliza mgeni kama aongezewe chai, akajibu "I'm fine", hakuelezi afya yake. Anakataa kwa adabu. Usimimine. Lakini ukimwambia mgeni kwamba samaki atachelewa kidogo, naye akasema "That's fine", amekubali. Hapa ndipo pagumu, kwa hiyo tutafanya mazoezi kwa sauti, wawili wawili. Mengine mepesi: "fine sand" ni mchanga laini, "fine weather" ni hali ya hewa nzuri, bila mvua. Faini ya trafiki imetokana na "fine" iliyo nomino, si kivumishi kama hizi za juu, tuiache kwanza. Tafadhali kila mmoja aje na sentensi aliyoisikia kazini, si ya kwenye kamusi.