RISALA YA KIKUNDI CHA WANAWAKE WAKULIMA WA MPUNGA KWA MHESHIMIWA MGENI RASMI, SIKU YA WANAWAKE DUNIANI

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Wilaya yetu, Mheshimiwa Diwani, Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji na Afisa Mtendaji, wataalamu wa afya, wageni waalikwa, akina mama na akina baba. Itifaki imezingatiwa.

Tunakukaribisha kwa moyo mkunjufu katika kijiji hiki cha Usukumani. Barabara umeiona mwenyewe, kwa hiyo leo hatutaizungumzia.

Kikundi chetu kilianza na akina mama wachache waliopokezana kazi ya kupandikiza mpunga. Kwa sasa tumepiga hatua kubwa mno: tuna katiba, tuna mfuko wa kukopeshana, na tumenunua turubai na viti mlivyokalia wewe na msafara wako. Vijiji jirani huja kwetu kujifunza, na wengine kuazima viti.

Mheshimiwa, changamoto ni nyingi, ila tumekubaliana tukueleze moja tu. Zamani tulizieleza zote, tukajibiwa kuwa zimepokelewa.

Changamoto hiyo ni kichocho na minyoo kwa akina mama. Sisi hushinda majarubani, maji yakiwa magotini. Lambo ndilo tunalofulia nguo na kuogeshea watoto. Humo wamo konokono, na vijidudu vinavyowatoka hupenya ngozi bila mtu kujua. Minyoo ya safura nayo huingilia nyayoni, ikafika tumboni na kunyonya damu, na mjamzito anaihitaji damu hiyo kwa watu wawili.

Kichocho cha mkojo kwa mwanamke hakiishii kwenye kibofu. Mayai ya kichocho hicho hunasa kwenye mlango wa kizazi, yakaleta vidonda, damu isiyo ya mwezi, maumivu wakati wa tendo la ndoa, na wengine wetu kukosa mtoto kabisa. Nyumbani tunaambiwa ni chango, tunanunua mizizi. Tukienda kutibiwa tunapewa dawa za magonjwa ya zinaa na kuagizwa turudi na waume zetu. Hapo, Mheshimiwa, ndoa huingia mtihanini kwa kosa la konokono.

Dawa ipo. Tunaiona kila inapoletwa shuleni. Watoto wanapewa uji, kisha wanasimamishwa kwenye fimbo ndefu yenye alama. Kimo kikizidi, vidonge vinaongezeka. Fimbo yenyewe inafika vidonge vitano, na kimo hicho hatujakiona darasa la pili. Mwanachama wetu mmoja, aliyekuwa amempeleka mwanawe, alijisimamisha hapo akafika alama ya vidonge vinne. Akaambiwa apishe, dawa zimehesabiwa kwa wanafunzi. Watu walicheka. Mama huyo na mtoto aliyetibiwa walirudi kwenye jaruba lile lile.

Wala hatuombi upendeleo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 unataka dawa ya kichocho, pale ugonjwa ulipokithiri, ifike kwa watu wazima pia, wakiwamo wajawazito waliovuka miezi mitatu ya mwanzo na wanaonyonyesha.

Mgeni rasmi mmoja wa miaka ya nyuma, akiwa mahali hapo ulipoketi, alitamka kuwa mgawo ujao utatuhusu na sisi. Tulipiga vigelegele, tukampa mchele. Mgawo ulikuja, ukapita, ukaja tena, nasi kazi yetu ikabaki kupanga watoto foleni. Aliyemfuata alituambia suala liko kwenye mchakato. Tunaamini bado limo humo, na tunalipa pole kwa safari.

Tunachoomba, Mheshimiwa, ni dawa za kichocho na minyoo kwa wanawake wote wa umri wa kuzaa, zigawiwe hapa hapa uwanjani kabla ya msimu ujao wa kupandikiza. Zahanati ibakiwe na akiba. Na mhudumu wetu afundishwe kukitambua kichocho cha kizazi, asiendelee kutuandikia dawa za kisonono. Uji tutapika sisi, maana dawa ile haitaki tumbo tupu. Orodha ya majina tumeiandaa kaya kwa kaya.

Mchele wako wa zawadi uko tayari. Ila tungeomba tarehe uitaje kabla ya chakula. Mganga Mkuu wa Wilaya umekuja naye gari moja, na katibu wetu ameshafungua daftari.

Naomba kuwasilisha.