Bili ya kiangazi hupunguzwa kabla joto halijaanza

Simu nyingi za watu wanaotaka sola hutufikia bili ya kwanza ya kiangazi ikishatoka. Mtu ameisoma mara mbili, ameona imeruka kupita bili zote za miezi ya nyuma, naye anataka paneli ziwe juu ya paa wiki hiyohiyo. Tunauelewa uchungu wake. Ila inatubidi tumwambie kweli: kwa kiangazi hicho amechelewa, na mfumo wake huenda ukaanza kazi joto likiwa linaelekea kuisha. Makala haya tumemwandikia yule ambaye joto bado halijambishia hodi.

Kufunga paneli zenyewe si kazi ndefu. Nyumba ya kawaida yenye paneli 8 hadi 12, mafundi watatu au wanne huimaliza kwa siku moja au mbili. Muda huliwa na yaliyo kabla na baada ya hapo: kukagua paa, kupiga hesabu ya matumizi, kuchora mpangilio, kuagiza vifaa, kuomba kibali, kisha kusubiri shirika la umeme lije kukagua na kubadilisha mita. Nyumba inayounganishwa na gridi, yaani mtandao wa nyaya za shirika, kwa kawaida hairuhusiwi kuwasha mfumo mpaka ruhusa itoke, hata kama paneli zimeshakaa juu zinapigwa na jua. Hatua hizo huchukua wiki kadhaa, na kwingine miezi. Joto likianza foleni hurefuka, maana kila mtu anaikumbuka sola kwa wakati mmoja, kwa mafundi na kwa wakaguzi vilevile.

Na miezi unayoikosa ndiyo minono. Kadiri nyumba ilivyo mbali na ikweta, ndivyo siku za kiangazi zinavyokuwa ndefu, na kwa nyumba iliyo mbali sana, paneli zilezile zinaweza kutoa umeme mara mbili au zaidi ya zinavyotoa wakati wa baridi. Majuma yanayotangulia joto nayo yana faida ambayo wengi hawaifikirii: jua limeshapanda, hewa bado ina ubaridi unaozifaa paneli, na kiyoyozi hakijaanza kula umeme. Palipo na utaratibu wa kuwekewa akiba ya uniti ulizozidisha, hapo ndipo akiba hiyo hujengwa na kungoja miezi mizito.

Anza na bili, paa litafuata

Tukifika kwa mteja, kitu cha kwanza tunachoomba ni bili za miezi 12 iliyopita. Bili ya mwezi mmoja haitoshi, kwa sababu mfumo uliopimwa kwa mwezi wa baridi utazidiwa kiangazi, na uliopimwa kwa mwezi wa joto kali kuliko yote unaweza kukugharimu paneli ambazo nusu ya mwaka hazina kazi. Tukishaziona zote 12 tunajua nyumba inakula uniti ngapi kwa siku, na kiangazi kinaongeza ngapi juu ya hapo.

Uniti moja ni kilowati moja iliyotumika kwa saa moja. Kiyoyozi cha BTU 12,000 hula wati 1,000 hivi, au zaidi kidogo, kompresa inapozunguka. Kikiwashwa saa 8, hata ukihesabu muda kompresa inapopumzika, kinaweza kumaliza uniti 5 hadi 7. Friji ya kawaida ni uniti 1 au 2 kwa siku nzima. Hita ya maji ya wati 2,000 ikiwaka saa moja ni uniti 2. Taa ya LED ya wati 9, hata ikiwaka saa 5, haifikishi sehemu ya ishirini ya uniti. Kwa hiyo anayezunguka nyumba akizima taa huku vyumba vitatu vikiwa na viyoyozi vinavyonguruma mchana kutwa, juhudi yake ni njema lakini imeelekezwa pasipo na mzigo.

Upande wa paneli hesabu yake ni hii. Mahali penye jua zuri, mwanga wote wa siku ukijumlishwa hulingana na saa 5 hivi za jua kamili, ingawa jua huonekana angani kwa saa 12 au zaidi. Ukiondoa kinachopotea kwenye joto, vumbi, nyaya na inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika nyumbani), kilowati moja ya paneli hukupa takriban uniti 4 kwa siku. Nyumba inayotumia uniti 16 kwa siku ingehitaji kilowati 4, yaani paneli 9 za wati 450. Kila moja ina ukubwa wa mita mraba 2 hivi, kwa hiyo unatafuta mita mraba 18 hadi 20 za paa lisilo na kivuli. Hesabu hii unaweza kuifanya mwenyewe leo kwa kalamu na bili yako, na tunakuomba uifanye kabla hujamsikiliza muuzaji yeyote, sisi tukiwemo.

Kisha tunauliza swali linaloamua mengi: umeme wako unautumia saa ngapi? Paneli hutoa kwa wingi kati ya saa 4 asubuhi na saa 9 alasiri. Familia nyingi saa hizo hazipo nyumbani. Wanarudi jioni, wanawasha viyoyozi vyote, wanapika, wanafua, na jua ndiyo linazama. Mfumo unaweza kutoa uniti 16 kwa siku na bado bili isishuke kama ilivyotarajiwa, kwa sababu uniti nyingi zilizalishwa nyumba ikiwa tupu.

Hapo kanuni za shirika la umeme zina uzito mkubwa. Kwingine kila uniti unayoiingiza kwenye gridi hufidiwa kwa uniti kamili, na wewe hupati hasara. Kwingine hulipwa sehemu ndogo tu ya bei unayonunulia, na kwingine hulipwi chochote. Mahali pa namna hii ya mwisho, umeme wenye thamani kubwa ni ule unaoutumia mwenyewe papo hapo. Kwa hiyo hita ya maji ipewe taimu iwake saa 6 mchana, mashine ya kufulia nayo ifanye kazi mchana. Kiyoyozi kiwashwe saa 8 au 9 alasiri wakati jua linakilipia, nyumba ipoe mapema, ili jioni kiwe na kazi ya kushikilia ubaridi badala ya kupambana na kuta zilizokwisha kupata moto. Wakati mwingine tunashauri sehemu ya paneli zielekezwe magharibi. Kwa jumla ya mwaka zitatoa pungufu kidogo kuliko zilizoelekea ikweta, lakini zitatoa zaidi alasiri, saa ambazo joto na matumizi vinapanda pamoja.

Palipo na bei za ngazi, ambapo kila kiwango cha matumizi kina bei ya juu kuliko kilichotangulia, kuna habari njema. Sola hukata kutoka juu kwenda chini, yaani uniti za kwanza kutoweka kwenye bili ni zile ghali kuliko zote. Ndiyo maana mfumo mdogo unaokuondoa kwenye ngazi ya juu ya kiangazi unaweza kurudisha gharama yake haraka kuliko mfumo mkubwa unaolenga kufuta bili nzima. Na bili nzima kwa kawaida haifutiki. Gharama isiyobadilika ya kuunganishwa na gridi hubaki pale unapotozwa, hata mwezi ambao hukununua uniti hata moja.

Joto kali si rafiki wa paneli

Wengi hudhani jua likichoma zaidi ndipo umeme unapotoka zaidi. Kinachozalisha umeme ni mwanga, joto hupunguza. Wati zilizoandikwa nyuma ya paneli hupimwa maabara, seli zikiwa na nyuzi joto 25. Juu ya paa, alasiri ya kiangazi, seli hizo hufika nyuzi 60 na kupita. Paneli za silikoni hupoteza takriban asilimia 0.3 hadi 0.4 ya nguvu kwa kila nyuzi inayozidi 25. Kwa hiyo paneli ya wati 450 iliyofika nyuzi 65 hukupa wati 390 hivi, na si kwamba umeuziwa mbovu.

Kinachoweza kufanyika ni kuipa hewa. Sisi huacha nafasi ya sentimita 10 au zaidi kati ya paneli na paa ili upepo upite chini yake. Ukimwona fundi anazilaza moja kwa moja juu ya bati kwa sababu kazi inakwenda haraka, msimamishe. Nafasi hiyo ina faida ya pili: paneli huwa kivuli cha paa, na chumba kilicho chini yake hupata joto pungufu.

Kivuli juu ya paneli zenyewe ni jambo jingine kabisa. Seli zimeungwa kwa mfuatano, moja baada ya nyingine, kwa hiyo iliyofunikwa huzibana zilizobaki kama bomba la maji lililokanyagwa. Paneli nyingi zina diodi zinazoigawa mara tatu ili umeme uruke sehemu iliyofunikwa, na bado kivuli cha tawi kwenye kona moja kinaweza kuondoa theluthi ya nguvu yake. Ndiyo maana hatuchori mpangilio kwa kutazama picha tu. Jua hubadilisha njia yake angani kwa msimu, na tangi la maji lisilo na madhara mwezi huu linaweza kumwaga kivuli chake katikati ya paneli miezi mitatu baadaye. Zipo inveta ndogo zinazofungwa chini ya kila paneli ili moja isiziangushe nyingine, na tunazipendekeza kwenye paa lenye kona nyingi. Lakini kama tatizo ni tawi moja, kulikata ni rahisi zaidi.

Kabla ya yote hayo, paa lenyewe liwe zima. Paneli huishi miaka 25 au zaidi, zikipungua nguvu kwa karibu nusu asilimia kila mwaka. Kama bati au vigae vyako vitahitaji kubadilishwa ndani ya miaka mitano ijayo, vibadilishe kwanza, maana kushusha mfumo mzima na kuupandisha tena ni gharama isiyo na faida yoyote. Skrubu za reli zinazobeba paneli ziingie kwenye mbao za kenchi, zisiishie kwenye bati, na kila tundu lizibwe vizuri lisivujishe mvua.

Umeme ukikatika, je?

Swali hili tunalijibu kabla ya kuulizwa, kwa sababu limewakatisha watu tamaa baada ya kulipa. Mfumo wa kawaida uliounganishwa na gridi bila betri huzimika gridi inapozimika, hata saa 6 mchana jua likiwa utosini. Inveta hufanya hivyo kwa makusudi, isije ikarudisha umeme kwenye nyaya ambazo fundi wa shirika anazishika akiamini zimezimwa. Maisha ya mtu yako hapo, na hatutaichezea kinga hiyo kwa ombi la yeyote.

Ukitaka taa na friji viendelee wakati wa kukatika, unahitaji betri na inveta ya haibridi, yaani inayoweza kufanya kazi na gridi na betri pia. Betri za lithiamu-chuma-fosfeti hukubali kutumika asilimia 80 hadi 90 ya uwezo wake, na kuchajiwa maelfu ya mara. Za asidi na risasi ni rahisi kununua, lakini hazifai kushushwa chini ya nusu, na huchoka mapema. Betri yoyote iwekwe mahali penye kivuli na hewa. Kama umeme wako haukatiki na shirika linafidia uniti kwa uniti, basi kwa lengo la kupunguza bili peke yake betri haina lazima. Pesa hiyo iweke kwenye paneli, au kwenye kiyoyozi chenye inveta yake ndani, ambacho hupunguza kasi ya kompresa badala ya kuizima na kuiwasha, kichukue nafasi ya kile cha zamani.

Nalo neno moja kwa wanaopenda kujifungia wenyewe. Paneli haina swichi ya kuzima jua. Zikiungwa kwa mfuatano hufikia mamia ya volti za DC, yaani umeme unaokwenda upande mmoja tu, mchana wote, na cheche ya DC haijikati yenyewe kama ya umeme wa kawaida wa nyumbani. Kiungio kilicholegea kinaweza kuwasha moto juu ya paa. Viungio viwe vya aina moja pande zote mbili, nyaya ziwe za sola zinazostahimili jua, na pawe na swichi za kukatia, kinga ya radi na waya wa ardhini. Fundi akishindwa kukuonyesha kwenye mchoro kila kimoja kinakaa wapi, tafuta mwingine.

Matunzo baada ya hapo ni machache: osha kwa maji safi asubuhi kabla kioo hakijapata moto, usikanyage paneli, na tazama namba za inveta mara moja kwa wiki ili hitilafu isikae mwezi mzima bila kujulikana.

Ukiwa tayari kuzungumza nasi, tuma bili zako za miezi 12, picha za paa kutoka pande zote, picha ya mita na ya boksi la fyuzi, pamoja na maelezo mafupi ya nani hubaki nyumbani mchana. Eleza pia kama unapanga kuongeza kiyoyozi au gari la umeme, kwa sababu ukubwa wa inveta utategemea hilo. Kwa hayo tunaweza kukupa makadirio ya kwanza kabla hata ya kupanda ngazi, na ombi la kibali likaingia kwenye foleni ikiwa bado fupi.