Alimwacha kwenye nane

Shangazi, shikamoo. Adhana ya Alfajiri imetoka sasa hivi na sijalaza ubavu. Mume wangu yuko darini, hataki chumba tangu Jumatatu.

Hivi mshauri anafungua jambo zito namna ile, kisha anatazama saa? Kikao cha EMDR, ile tiba ya kiwewe ya kupeleka macho huku na huku, ni dakika 60 hadi 90. Wetu alipewa 40. Alimwacha kwenye nane, Shangazi! Nane ya kile kipimo cha sifuri hadi kumi, kumi ikiwa dhiki isiyobebeka.

Mimi ni muuguzi, siongei ya kusikia. Hatua ni nane, na mbili za mwanzo hazigusi kidonda: historia, kisha maandalizi, mgonjwa anapotafutiwa mahali pa utulivu pa kukimbilia akilemewa. Yeye alichagua kijiji cha Matondoni, chini ya jahazi linaloundwa, penye harufu ya mbao. Ndipo inachaguliwa picha: mkono wa mwenzake ukimteleza, baharini kwenye mlango wa Shela, upepo wa kusi umekaza. Na neno linalomla: "Mimi ndiye niliyemwachia." Hapo vidole viwili vinapita mbele ya macho, kwenda na kurudi mara 24 hivi. Unasimama, anavuta pumzi, unauliza kimekuja nini, basi. Humhoji wala humhubirii. Unarudia mpaka namba ishuke, ndipo neno jema linapandwa na mgonjwa kuupekua mwili wake kwa mawazo, kichwa hadi unyayo. Muda ukiisha kabla, si dhambi. Lakini humwachi mtu majini: unamrudisha Matondoni, unamtuliza, unamwonya kwamba ndoto na hasira zinaweza kumjia siku kadhaa. Wetu aliambiwa "tuonane Alhamisi ijayo", akapanda basi la Mokowe na nane yake.

Mamake anasema ni mazingaombwe, aandikiwe kombe, aya zioshwe anywe. Kombe anywe, sikatai, hata mimi namsomea. Lakini si mazingaombwe. Mgonjwa yuko macho, akiinua mkono kazi inasimama, na Shirika la Afya Duniani limeipendekeza tangu 2013. Unaona, namtetea yuleyule aliyeniudhi. Sitaki arudi kwake. Ila nani mwingine huku anaijua kazi hii?

Juzi usiku alikuwa akitetemeka, nikampitishia vidole mimi. Usinihukumu. Najua mke si tabibu wa mumewe, na sikupita Matondoni, nilikwenda moja kwa moja kwenye ule mkono. Mara ya tatu macho yakaacha kufuata, yakaganda ukutani, na vidole vyake vikakamata ukingo wa mkeka kama kamba ya tanga. Namwita, hasikii. Nikamwekea kitambaa cha maji baridi viganjani, nikamwambia anitajie vitu vitano anavyoviona. Taa. Msahafu. Kanzu. Akarudi polepole. Nilitaka ishuke tu, Shangazi, kwa sababu alimwacha kwenye nane.

Sasa namhimiza lile kumbatio la kipepeo: mikono ipishane kifuani, agonge taratibu kulia, kushoto. Hilo nalitumia kumtuliza tu, si kuchokoa picha.

Alhamisi ndiyo kesho kutwa. Anasema hapandi basi, na ameniapisha nisimwambie mshauri habari za usiku ule. Nikinyamaza, ataanza na picha ileile asijue kwamba mtu aliganda. Nikisema, nimevunja kiapo, na huenda nami nikaonekana ndiye niliyemharibu. Nimpigie kabla ya Alhamisi?

Muuguzi, Lamu