Damu kwenye mkojo ipimwe hadi chanzo kijulikane

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie maradhi ya njia ya mkojo, ambayo huku Pwani tumezoea kuyakisia. Anayekojoa damu, akiwa ametoka Kwale, Kilifi au Tana River ambako kichocho kingalipo, huambiwa ana kichocho. Akiwa ni mwanamke wa mjini, huambiwa ni maambukizi, akanunua vidonge na kuendelea na shughuli zake. Mara nyingi dhana hizo huwa za kweli na dawa humponya. Ninalolalamikia ni pale dalili zinaporudi naye akaongezewa dawa zile zile, bila ya kupigwa hata picha ya altrasaundi.

Jirani yetu mmoja wa Kisauni alitibiwa hivyo kwa muda mrefu, ilhali shida yake kubwa ilikuwa mkojo kukatika katikati, ikambidi ainuke na kuinama ndipo utoke tena. Picha ilipopigwa hatimaye, uvimbe ulionekana ndani ya kibofu, na kabla ya kipimo kingine chochote jamaa zake wakaambiwa ni saratani, wakaanza kuchanga nauli ya India. Daktari bingwa wa njia ya mkojo alipitisha kamera nyembamba, akatoa kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe huo, na maabara ikajibu kuwa ni leiomayoma, yaani uvimbe wa misuli laini usio saratani, wa jamii moja na ule wa kizazi ambao kina mama wengi wanaujua. Katika kibofu uvimbe huo ni nadra mno, haufiki hata asilimia 1 ya uvimbe wote wa kiungo hicho, na ukiondolewa wote ni mara chache kurudi. Wake uliondolewa kupitia njia ile ile ya mkojo, bila ya kupasuliwa tumbo.

Picha nayo ina mipaka yake. Angiomailipoma ya figo, yaani uvimbe wenye mafuta ambao kwa kawaida si saratani, mara nyingi hujulikana kwa skani ya CT, kwa kuwa mafuta yaliyomo huonekana wazi, na ikiwa ndogo hufuatiliwa tu. Ikizidi sentimita 4 ndipo hofu ya kuvuja damu huongezeka. Onkositoma, ambayo pia si saratani, hufanana na saratani ya figo kiasi kwamba picha peke yake haiwezi kutegemewa kuzitenganisha.

Unaonitia wasiwasi zaidi ni uvimbe uitwao paraganglioma, ambao mara chache huota kwenye kibofu na kumwaga homoni mtu anapokojoa. Kichwa humgonga, moyo humwenda mbio, jasho humtoka, pengine akazirai hapo hapo msalani, na shinikizo la damu hupanda. Kwetu huyo hupelekwa kwa mganga kuzinguliwa kabla ya kupelekwa hospitali. Daktari anayeushuku huagiza kwanza kipimo cha homoni katika damu au katika mkojo wa saa 24, na mgonjwa hutayarishwa kwa dawa za kushusha shinikizo kabla ya kuguswa kwa kisu, kwani ukiguswa bila ya maandalizi unaweza kumuua mezani. Hata baada ya upasuaji hufuatiliwa kwa miaka mingi.

Simwambii mtu apuuze damu kwa kutumaini uvimbe wake ni salama. Kichocho kilichoachwa miaka mingi chenyewe huleta saratani ya kibofu, na sigara vilevile.

Kwa hivyo ninaiomba idara ya afya ya kaunti ihakikishe kuwa gharama ya kupima kinyama imo ndani ya gharama ya upasuaji. Hivi sasa wapo wagonjwa wanaokabidhiwa kichupa chenye kinyama kilichotiwa dawa, wakipeleke wenyewe kwenye maabara ya nje, na asiye na pesa hukiweka kabatini akingojea mwisho wa mwezi. Majibu nayo yatolewe kwa maandishi, mgonjwa abaki na nakala yake, kwa sababu daktari atakayemwona baadaye atahitaji kujua ni uvimbe wa aina gani uliotolewa.

Msomaji wako,
Kisauni, Mombasa