Mistari 30 ya syms kwenye faili lako

Juzi mteja alipanda ngazi zetu hapa Kondele, Kisumu, laptopu kwapani. Ni mhandisi wa maji, anapiga hesabu za mabomba kwa MATLAB, programu ya hesabu. Mwanzoni mwa faili lake kuna syms, amri ya kuunda kigeu cha alama (herufi inayobaki herufi kwenye hesabu bila kupewa namba): syms x1, syms x2, hadi x30, kila kimoja mstari wake. Sasa mradi umeongezewa mabomba 6 na mikono imechoka.

Wengi wakifika hapo hukimbilia kitanzi (amri zinazojirudia) chenye eval: wanaunganisha herufi x na namba, halafu wanaiamuru programu isome maneno hayo kama amri. Hufanya kazi, hatukatai. Lakini kosa likitokea, kujua x17 ilizaliwa wapi ni kama kutafuta ufunguo gizani. Sisi eval ndiyo huwa ya kwanza kufutwa.

Andika hivi:

n = 36;
x = sym('x', [1 n]);

Umepata vigeu vya alama 36 ndani ya orodha moja. Bomba likiongezeka, unagusa n tu. Cha 17 unakiita x(17). Hapa ndipo simu za usiku huanzia: mtu anaandika x17, programu inasema haikijui. Ni kweli haikijui! x17 ni jina linaloonekana kwenye jibu. Ulichoshika mkononi ni x peke yake. Ukiyahitaji majina yenyewe, ipo syms x [1 36].

Kwa jedwali, sym('a', [12 12]) hutoa a1_1, a1_2 na kuendelea. Usikidharau hicho kistari. Bila hicho, a111 ni mstari wa 1 safu ya 11, au mstari wa 11 safu ya 1?

Kama Symbolic Math Toolbox imekushinda bei (nyongeza yenye sym na syms, huuzwa kando na MATLAB yenyewe), SymPy, maktaba ya hesabu ya lugha ya Python, ni bure: x = symbols('x1:37') hukupa x1 hadi x36, ile 37 haihesabiwi. Ila Python huanza na 0, kwa hiyo x[0] ndiyo x1. Wengine huandika 'x:36' ili namba zilingane, wapate x0 hadi x35.

Ukija, leta faili pamoja na ujumbe wa kosa kama ulivyo, usiufute. La mhandisi lilikwisha kabla chai yake haijapoa, na muda mwingi ulikwenda kwenye milinganyo, kubadilisha kila x17 iwe x(17).